Hodi ya Msafara

Mbio za baiskeli za Mzunguko wa Mkoa zilipoanzishwa hazikuwa na kanuni nyingi. Waanzilishi wake walikuwa watu wa kazi na wenye vichwa vigumu: fundi wa reli, mwalimu wa hesabu, muuza mbao, na fundi mmoja wa kuchomelea vyuma ambaye watu walimwita Radi kwa jinsi alivyoshuka milima. Walikubaliana kwamba kila mwaka, mvua zikikatika, waendesha baiskeli wauzunguke mkoa kwa hatua, wakilala katika madarasa ya shule, na kwamba atakayetumia muda mdogo kuliko wenzake katika hatua zote kwa jumla ndiye atakayevaa jezi ya njano. Kanuni nyingine zilijiotea zenyewe kando ya njia.

Mojawapo iliota mbele ya mlango wa Radi. Ulikuwa mwaka wa tatu wa mbio, naye ndiye aliyevaa njano. Habari zilimfikia barabarani kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kiume. Msafara ulipoukaribia mtaa wake, Radi alimsogelea mwendeshaji aliyewazidi wote kwa umri, akamwambia, "Hodi, mzee." Yule akajibu, "Karibu, lakini usije ukaketi huko." Radi akatangulia, akashuka mlangoni pake, akamwona mtoto, akamshika mkewe shavu, kisha akapanda tena. Nyuma yake msafara mzima ulikwenda mwendo wa jongoo, watu wakinywa maji na kupiga soga, wala hapakuwa na hata mmoja aliyejaribu kumtoroka mwenye jezi.

Tangu siku hiyo desturi ile ikaitwa hodi ya msafara. Kila mwendeshaji ambaye mbio zilipita kwao alikuwa na haki ya kuiomba, na mzee wa msafara ndiye aliyeijibu. Masharti yake yalikuwa mawili. Wenzake wasimshambulie mpaka arudi. Naye, awapo nyumbani, asiketi. Aliyeketi amefika kwao, na aliyefika kwao hayumo tena safarini, hivyo msafara hauna sababu ya kumngoja. Mwamuzi mmoja alimfuata kwa pikipiki awe shahidi. Wapo waliowaaga wazazi wagonjwa wakiwa wameinama tu juu ya kitanda. Yupo aliyefunga ndoa mlangoni, kofia ngumu kichwani, bibi arusi akimfuta jasho. Aliyeketi hakupata kuonekana.

Radi hakudumu kuifaidi desturi yake. Mwana alipoanza kutambaa, na mimba ya pili ikiwa tumboni mwa mkewe, alianguka katika mteremko wa Kona ya Mwamba, akavunjika uti wa mgongo. Kamati ya mbio iliona haya, ikaihamisha njia ili isipite tena katika mtaa ule. Mwaka wa kwanza waendeshaji walikuja na maua, mwaka wa pili walikuja na salamu, na baadaye hawakuja kabisa. Mkewe alimwogesha, akamgeuza, akamlisha kwa kijiko, mpaka mtoto wa kwanza alipokuwa na umri wa kwenda shule na mgonjwa akaona afadhali afe.

Mwanamke huyo ndiye watu waliyemwita Mama Karakana. Aliivaa miwani ya giza ya mumewe, akajifunza kuchomelea, na kwa mikono yake iliyojaa alama za moto akawa anatengeneza mageti na madirisha yaliyosifiwa kwa kunyooka. Alikuwa mtu wa neno moja. Mwanawe, ambaye kwa kukulia karakanani alipewa jina la Cheche, alipokua akanunua baiskeli kwa siri na kuificha kwa jirani. Siri ilipofichuka mama yake hakupiga kelele.

"Siku utakapoiacha hiyo baiskeli, utaketi katika nyumba yangu," alimwambia. "Kabla ya siku hiyo, ukija utasimama mlangoni kama mtu wa kusoma mita ya maji."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka. Kila Jumapili Cheche alikuja, akasimama kizingitini. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Alitoa habari zake kwa ukuta, kwa maana mama yake hakuacha kusugua chuma chake kwa tupa, kisha akaondoka. Hakukosa Jumapili hata moja, isipokuwa akiwa mbioni. Mama naye hakukosa kuwapo, ingawa hilo hakupenda liulizwe.

Mwaka mbio zilipotimiza umri wa miaka thelathini, kamati iliamua kuzirudisha katika njia ya zamani. Mwaka huohuo Cheche alikuwa katika ubora wake. Zilipobaki hatua mbili, yeye ndiye aliyekuwa na jezi ya njano, na aliyemfuata, kwa tofauti isiyotimia dakika moja, alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Tena walikuwapo wageni wa timu kubwa ya ng'ambo, waliokuja kumtazama mshindi na kumchukua akakimbie katika milima ya kwao. Kabla ya mbio kuanza, Cheche alikuwa amesimama mlangoni na kumwambia mama yake bila kuzunguka, "Mama, huu ni mwaka wangu wa mwisho wa kujaribu. Nikishinda, nakwenda. Nisiposhinda, natundika baiskeli, narudi karakanani, nawe utanichosha kwa kazi mpaka useme basi."

Mama Karakana alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika msumari kwa meno, mikono ikiwa na kazi nyingine.

Siku ya mapumziko, alasiri, mkwewe alikuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu uketi. Wewe humu unaketi, maana uliniomba binti kabla ya kunionyesha baiskeli."

Mkwe alicheka, akaketi, akaizungusha kofia yake mikononi. "Mama, nimekuja na neno. Nikilitoa utanifukuza."

"Litoe. Mlango uko wazi, hautakupa taabu."

"Kesho msafara unapita hapa. Shemeji ataomba hodi, na atajibiwa. Nani atamnyima mtoto wa Radi hodi ya mlango wa Radi? Sasa, akifika, mpe kiti."

Mama Karakana aliendelea kupiga tupa. "Akiketi?"

"Akiketi, mimi naondoka. Kanuni inaniruhusu. Mbele kuna mteremko, hanikamati tena."

"Na wageni wale watakuchukua wewe."

"Wanachukua mwenye njano, mama. Hawaulizi kazaliwa na nani."

"Milima ya huko ikoje?"

"Mirefu. Wanashuka kama mawe."

"Mke wako analijua hili?"

"Analijua. Yeye ndiye atakayesimama kwenye kona kunipungia mtandio."

Mama Karakana aliiweka tupa chini, akamtazama. Alikuwa kijana mzuri, mwenye shingo ndefu na mabega ya kubeba, naye kwa kweli alimpenda. Akawaza, bila kujificha mbele ya nafsi yake, kwamba milima ile ilikuwa inataka mtu mmoja, na kwamba mtu huyo si lazima atoke tumboni mwake. Akamwaza na binti yake, ambaye huenda siku moja angejifunza kumlisha mume kwa kijiko. Hata hivyo akaichukua tena tupa.

"Nitampa kiti," akasema. "Kunywa chai yako, isipoe."

Kesho yake watu walijaa barabarani tangu asubuhi. Mama Karakana alikitoa kiti cha chuma alichokichomelea mwenyewe, akakiweka kivulini, hatua chache kutoka mlangoni. Ng'ambo ya barabara alikuwako kinyozi, mtu wa maneno mengi, ambaye kibanda chake kilitazamana na karakana.

"Mama Karakana!" alipaza sauti. "Umetoa kiti nje siku ya baiskeli? Kesho jua litachomoza upande gani?"

"Litachomoza upande wa kinyozi asiye na wateja."

"Wateja ninao, ila leo nimewaacha na ndevu nusu waje kumwona mwanao."

Watu wakacheka. Binti wa Mama Karakana hakucheka. Alikuwa amekwisha kwenda kwenye kona, pale barabara inapopinda na kuonekana kutoka mbali, mtandio mweupe mkononi badala ya kichwani.

Muda si muda Cheche akatokea peke yake, njano yake iking'aa, pikipiki ya mwamuzi ikimfuata kwa heshima. Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Kinyozi akaruka barabarani huku akipunga mkasi. "Cheche! Njoo nikunyoe bure, msafara unangoja!"

"Nikunyoe wewe hizo porojo!" Cheche akamjibu, akashuka mbele ya mama yake, akiishika baiskeli kwa mkono mmoja. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Neno hilo la mwisho lilimgusa pasipo na mfupa. Kwa miaka yote ile alikuwa amejibiwa marahaba tupu. Alisimama akimtazama mama yake kama mtu aliyeitwa kwa jina gizani.

"Keti," mama yake akasema.

Cheche akakitazama kiti, akamtazama mwamuzi, akacheka kidogo. "Leo, mama? Subiri kesho jioni, mbio zikiisha. Nitakuja, nitaketi mpaka unifukuze na fagio."

Lilikuwa jibu la haki. Mama Karakana alilitazamia, na alikuwa ameliandalia lake.

"Kesho sina kiti. Ninakuita leo, mbele za watu, na baiskeli yako ukiwa umeishika. Nilisema hutaketi mpaka uiache. Leo nimelilegeza neno langu, na unajua sijapata kulegeza lolote. Ukilikataa, silirudii. Hata siku ya kuja kunizika utasimama."

Mwamuzi akakohoa juu ya pikipiki yake. "Cheche, twende, ndugu yangu. Kanuni unaijua."

"Naijua," Cheche akasema. "Babangu ndiye aliyeileta."

Akageuka kuitazama barabara aliyotoka. Akageuka tena kuutazama uso wa mama yake. Kisha akaiegemeza baiskeli ukutani, taratibu, kana kwamba ndani yake mlikuwa na mtu aliyelala, akaketi.

Mama Karakana alikuwa amejiandaa kwa ubishi mrefu. Alikuwa ameweka hata machozi tayari. Hayakuhitajika. Mwanawe aliuchukua mkono wake wenye makovu ya moto, akaulaza shavuni pake palipochemka kwa jasho.

"Njano yenyewe ni kitambaa tu," akasema, akicheka. "Mama, umezeeka, na mimi nilikuwa nimesimama tu pale mlangoni nakutazama."

Bado palikuwa na nafasi. Angeweza kumwambia inuka. Mwamuzi alikuwa amegeuza uso kwa makusudi, akijifanya anatazama tairi lake. Mtu mwema, alikuwa tayari kuapa kwamba hakuona kitu. Mama Karakana aliiona nafasi hiyo waziwazi. Akauweka mkono wake wa pili juu ya bega la mwanawe, akalikandamiza.

Kwenye kona mtandio ukapanda hewani, ukashuka, ukapanda tena.

"Ameketi!" ilisikika sauti ya mkwe kutoka kwenye msafara. "Jamani, ameketi!" Na msafara, uliokuwa ukijivuta kwa uvivu, ukapasuka. Mkwe alitoka mbele kama risasi, ameinama juu ya usukani. Mzee wa msafara aliinua mkono kuwazuia wengine, lakini ni nani atakayekaa nyuma mwenzake akiondoka? Wakampita kushoto na kulia. Naye, alipofika mbele ya karakana, aligeuza kichwa akapiga kelele, "Kijana, mbona umeketi?" Sauti yake ilikuwa ya kilio kuliko ya lawama.

Umati ulipiga ukelele kwa pamoja. Kinyozi alishika kichwa. Mama mmoja alimwangusha mtoto aliyembeba begani, akamdaka kwa kumshika mguu. Cheche alikuwa bado ameketi. Aliutazama mtandio wa dada yake uliokuwa ukining'inia sasa kama nguo iliyosahauliwa kambani, kisha akainua macho.

"Mama," akasema polepole. "Watu wote wameshtuka."

Mama Karakana aliitazama barabara.

"Wewe hukushtuka."

Aliuondoa mkono wa mama yake begani, bila kuutupa, akaurudisha kwa mwenyewe kama kitu cha kuazima. Akainuka. "Asante kwa kiti," akasema, akapanda baiskeli yake.

Alikimbiza peke yake mpaka mwisho wa hatua ile, na kesho yake akakimbiza tena, na wanaojua baiskeli walisema hawajapata kuona mtu akiendesha vile. Haikumfaa. Mkwe alivaa njano, wageni wakamchukua. Kamati ilikutana, ikakuna vichwa, ikakiri kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Lakini waendeshaji wenyewe walijua kilichovunjwa. Mwaka uliofuata mbio zilipita vijiji vingi na mitaa mingi, na hapakuwa na mtu aliyeomba hodi, kwa kuwa hapakuwa na mtu ambaye neno lake la "karibu" lingeaminika. Desturi ya mbio nzima, iliyoota mlangoni kwa Mama Karakana, ilikaukia hapohapo mlangoni pake.

Yeye, hata hivyo, alikipata alichokitaka. Jumatatu asubuhi, mbio zilipokwisha, Cheche alikuja amevaa bwelasuti ya kazi.

"Shikamoo, mama. Nilisema nisiposhinda nitarudi. Nimerudi."

"Marahaba, mwanangu. Baiskeli iko wapi?"

"Nimeiuza."

Moyo wa mama ulijaa hata akashindwa kuuficha. Aliingia ndani mbio, akaandaa chai, akapangusa kiti kilichokuwa safi. "Njoo uketi kwanza. Kazi haikimbii."

"Nashukuru, mama. Nitasimama."

Mama alidhani ni hasira ya siku mbili tatu. Akaiacha ipoe. Lakini haikuwa hasira, na hilo ndilo lililomtesa. Cheche hakununa. Alifanya kazi kwa bidii kuliko vibarua wote, aliitika kila alipoitwa, alimbebea mama yake mitungi ya gesi na kumpeleka hospitali macho yalipomsumbua. Chakula alikula amesimama kizingitini, sahani kiganjani, kisha akaiosha, akasema asante. Kila siku mama yake alisema keti, kila siku alijibiwa kwa adabu ileile.

"Mpaka lini?" alimwuliza siku moja, akiwa ameshika meza kwa mikono miwili.

"Mpaka lini nini, mama?"

"Usijifanye hujui."

"Miguu yangu ina nguvu," Cheche akasema. "Umesahau? Ni miguu ya mbio."

Lililomchoma zaidi ni kwamba mwanawe hakuwa ameacha kuketi. Kazi ilipokwisha, alivuka barabara, akaingia katika kibanda cha kinyozi, akajibwaga juu ya benchi, akanyoosha miguu, akacheka mpaka akashika tumbo. Kutoka mlangoni pake Mama Karakana aliweza kumwona vizuri kabisa. Binti yake naye alikuja mara chache, mara chache zaidi, na alipokuja kaka yake alimsalimu, akamwulizia shemeji kule milimani, akaendelea kuchomelea, miwani ya giza usoni.

Mvua zilipokatika tena, mbio zikaja. Mtaa ukajaa watu. Cheche aliuzima moto wa kuchomelea, akatoka nje akipangusa mikono kwa kitambaa, akasimama ukingoni mwa barabara, uso mkavu, kama mtu anayengoja gari lisilo lake. Mama Karakana alimtazama kwa muda. Kisha akaingia ndani, akakiinua kile kiti cha chuma, ambacho kwa umri wake sasa kilikuwa kizito, akakileta mpaka miguuni pa mwanawe.

"Keti, baba, utazame," akasema. Sauti yake haikuwa tena ya mtu wa neno moja. "Nakuomba."

Cheche alikitazama kiti, akamtazama mama yake, bila chuki yoyote. Akainua kichwa.

"We kinyozi!" aliita ng'ambo ya barabara. "Njoo, mama amekuletea kiti."

Kinyozi akavuka mbio, taulo begani, uso umechanua. "Mungu akuzidishie, Mama Karakana! Mimi kutwa nawaketisha wenzangu. Leo na mimi nimepata wa kuniketisha." Akaketi, akakunja nne, akaanza kueleza nani ana jezi, nani ana miguu mizito, nani hata akibebwa hafiki. Msafara ukatokea kwenye kona, ukapita kwa kishindo na upepo, bila mtu kugeuza kichwa. Mama Karakana alisimama upande mmoja wa kiti na mwanawe upande wa pili, na katikati yao kinyozi aliendelea kuwataja waendeshaji mmoja baada ya mwingine, akiwacheka, akiwasifu, mpaka wa mwisho wao alipopita.